Suti ya mbizi kwa bahari ya joto: Mambo ya kujua kabla ya kushuka Zanzibar

Kwa mkazi wa Moshono, baridi ni ya Juni na Julai, pale Mlima Meru unapojifunika mawingu na watu wanatembea na masweta hadi saa nne asubuhi. Bahari ya Hindi kwenye mawazo ya wengi ni jua na mchanga. Ndiyo maana wanaoshuka Zanzibar, Pemba au Mafia kujaribu kupiga mbizi kwa mara ya kwanza huuliza: suti ya mpira ya nini kwenye maji ya uvuguvugu?

Jibu ni kwamba maji ya nyuzijoto 27 yanampoza binadamu, tena haraka. Mwili una nyuzijoto 37, na maji huvuta joto la mwili takriban mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia. Ukiogelea dakika 10 husikii kitu. Ukikaa dakika 50 chini, ukiwa unaelea taratibu kutazama samaki, halafu ukarudi kwa mbizi ya pili saa moja baadaye, ndipo meno yanaanza kugongana.

Na hapo siyo suala la kukosa raha tu. Mtu anayetetemeka hutumia hewa ya mtungi haraka, vidole vinakuwa vizito kwenye vifungo, na akili inahamia kwenye baridi badala ya kuangalia geji ya hewa.

(Makala hii inatumia "kupiga mbizi" kwa makusudi. "Kuzamia" kwa lugha ya mtaani ni kitu kingine kabisa, na vifaa vyake ni begi moja la mgongoni.)

Mbona wavuvi wanazama na fulana?

Swali la haki. Pwani nzima wapo wavuvi wanaozama kutafuta pweza au kamba wakiwa na fulana na suruali ya michezo, basi. Tofauti ni kwamba anayezama kwa pumzi yake hukaa chini muda mfupi, anarudi juu kwenye jua, na muda wote anafanya kazi ya nguvu inayozalisha joto. Mpiga mbizi wa mtungi anakaa chini karibu saa nzima na hatakiwi kuhangaika, maana kuhangaika kunamaliza hewa. Pia wavuvi hao baridi wanaisikia. Ni vile tu hakuna aliyewauliza.

Fulana inakinga jua na michubuko. Joto haishiki, kwa sababu maji yanapita ndani yake kila unapojigeuza.

Suti inafanyaje kazi

Suti hizi hutengenezwa kwa neoprini, mpira wa viwandani uliovumbuliwa na kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1930. Ule wa suti umejaa vipovu vidogo sana vya gesi, na vipovu hivyo ndivyo vinavyozuia joto lisitoke. Maji yanaingia ndani, ndiyo, lakini kidogo, na yakikaa palepale mwili unayapasha. Wazo kwamba mtu anaweza kulowa na bado akabaki na joto lilitokana na mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alipokuwa akiwafikiria wapiga mbizi wa jeshi la majini la Marekani.

Neno la kushika hapo ni "yakikaa palepale". Maji yakiingia na kutoka kila unapoinama, unaanza kuyapasha upya, na mwili unafanya kazi ya kupasha Bahari ya Hindi.

Kusi na kaskazi ndiyo kalenda

Kabla ya kuuliza unene wa suti, uliza mwezi. Maji ya kuzunguka Zanzibar hufika nyuzijoto 29 hadi 30 kati ya Februari na Aprili, halafu hushuka hadi 25 au 26 kuanzia Julai hadi Septemba, wakati wa kusi. Tofauti ya nyuzi nne inaonekana ndogo ukiisoma kwenye simu. Chini ya maji ni tofauti ya kufurahia na kuhesabu dakika.

Kipindi cha kaskazi, hasa Februari na Machi, wengi wanatosheka na suti fupi ya milimita 2 au 3, ile inayoishia juu ya viwiko na magoti, au hata likra tupu kwa mbizi moja fupi. Kipindi cha kusi, suti ndefu ya milimita 3 ndiyo chaguo la kawaida, na anayesikia baridi haraka aende na milimita 5 bila aibu.

Wembamba hupoa haraka kuliko wanene. Watoto hupoa haraka kuliko wote, kwa sababu mwili wao ni mdogo ukilinganisha na ukubwa wa ngozi yao. Mtoto akianza kunyamaza na midomo kubadilika rangi, mbizi imeisha, hata kama kiingilio kimelipwa.

Idadi ya mbizi nayo inahesabiwa, maana baridi inajijenga siku hadi siku. Kijana wa Arusha anayekwenda kutafuta kazi ya kuongoza wageni chini ya maji huko Nungwi au Matemwe asijipime kwa mtalii wa siku mbili. Mgeni anazama mara mbili anapanda ndege. Mwongozaji anazama mara mbili, tatu, kila siku, wiki nzima, tena akiwa anasubiri wengine na siyo kuogelea kwa nguvu. Ndiyo maana utamkuta mwenyeji amevaa milimita 5 huku mzungu pembeni yake yuko na suti fupi.

Kina kina ujanja wake. Mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Mita 20, mara tatu. Vipovu ndani ya mpira vinabanwa, suti inakuwa nyembamba na uwezo wake wa kushika joto unapungua. Kwa hiyo anayekwenda kwenye kuta za matumbawe za Pemba, ambako ni rahisi kushuka kina kirefu, asiamini sana namba iliyoandikwa kwenye lebo. Milimita 3 ya dukani siyo milimita 3 kule chini.

Mafia ni habari nyingine. Wengi wanaokwenda kule kati ya Oktoba na Machi wanafuata papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, na yeye huogelewa naye juu juu kwa miwani na mrija, bila mtungi. Hapo adui ni jua la mgongoni kuliko baridi. Likra ya mikono mirefu au suti ndefu nyembamba inatosha, na inapunguza haja ya kujipaka mafuta ya jua ambayo huishia baharini.

Kubana ndiko kila kitu

Mtu akilazimika kuchagua kati ya suti nene isiyomkaa na nyembamba inayomkaa vizuri, achukue nyembamba. Suti ya milimita 5 iliyolegea mgongoni ni ndoo yenye mikono.

Ijaribu ukiwa mkavu. Inatakiwa ibane kiasi cha kuudhi kidogo, lakini uweze kuvuta pumzi ndefu mpaka mwisho. Nyanyua mikono yote juu, chuchumaa, jikunje kama unafunga kamba za viatu. Kisha mtu mwingine apapase sehemu ya chini ya mgongo, pale juu ya kiuno. Hapo ndipo suti nyingi huacha pango. Sehemu nyingine ni makwapani, katikati ya mapaja, na nyuma ya magoti. Mikunjo mikubwa inayoshikika kwa ngumi maana yake maji yatakaa hapo na kuzunguka.

Shingo ni ya kuangaliwa peke yake. Ikilegea, maji baridi yanashuka mgongoni kila unapogeuza kichwa. Ikibana kupita kiasi, inagandamiza mishipa mikubwa ya damu ya shingoni na mtu anaweza kupata kizunguzungu, hata kuishiwa nguvu. Ukivaa dukani ukasikia kichwa kinakuwa chepesi, ivue. Usiambiwe "itajiachia yenyewe".

Suti za kike na za kiume hukatwa tofauti kifuani, kiunoni na kwenye nyonga, na mwanamke aliyepewa ya kiume ndiye mara nyingi anayetoka anatetemeka. Tatizo jingine ni kwamba saizi nyingi zimepimwa kwa maumbo ya Ulaya na Marekani. M ya kampuni moja ni L ya nyingine. Angalia urefu, kifua na kiuno kwenye jedwali la saizi, siyo herufi.

Kuivaa ni kazi, na wageni wengi huja na ujanja wa kuvaa mfuko wa plastiki mguuni ili suti iteleze. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea kuanzia Juni 1, 2019, na Zanzibar ilitangulia zamani. Soksi nyembamba inafanya kazi ileile. Vuta kwa matumbo ya vidole, siyo kwa kucha, hasa kwa waliotoka saluni. Kucha moja ndefu inatosha kuchana neoprini kama mkate.

Ukiikuta kwenye mitumba

Hapa ndipo pesa za watu hupotea. Suti za mpira huweza kujitokeza kwenye marobota ya nguo za michezo, iwe Kilombero hapa Arusha au Memorial pale Moshi, na bei inaweza kuwa ya kutupa kwa sababu muuzaji mwenyewe hana uhakika ni nguo ya nini. Shida ni kwamba nyingi siyo za mbizi.

Suti yenye namba kama 3/2 mara nyingi ni ya kuteleza kwenye mawimbi: milimita 3 kifuani, 2 mikononi na miguuni. Ni laini na inavutika sana, raha kuvaa, ila mpira wake unabanwa haraka ukishuka kina. Kwa miwani na mrija pale Mnemba inafaa kabisa. Kwa mbizi za mtungi itasaidia juu, na itapungua nguvu kadiri unavyoshuka.

Ile inayong'aa nje kama ngozi ya samaki, isiyo na kitambaa, kwa kawaida ni ya waogeleaji wa mashindano. Imetengenezwa kuelea na kuteleza. Mikanda ya mtungi na matumbawe vitaichana ndani ya siku chache. Iache.

Ukipata ambayo kweli ni ya mbizi, ibane kati ya kidole gumba na cha shahada halafu uachie. Mpira hai unarudi mara moja. Uliokufa unabaki na shimo. Ikunje uone kama inatoa nyufa ndogo au mistari mieupe. Vuta mishono polepole na uitazame kwenye mwanga. Ukiona vitobo vya jua, maji yatapita palepale. Zipu ifungwe na kufunguliwa mara kadhaa, maana kubadilisha zipu ya suti siyo kubadilisha ya jinzi: mshono wa kawaida wa cherehani hutoboa mpira pande zote mbili na kuacha njia ya maji.

Mchaniko mdogo unazibika kwa gundi maalumu ya neoprini. Super glue hapana. Inakauka ngumu kama kioo na kupasuka suti ikivutika.

Na harufu? Harufu inaondoka. Tukiwa wakweli, karibu kila suti iliyowahi kuvaliwa baharini imekojolewa, kwa sababu mwili ukiwa ndani ya maji hutengeneza mkojo mwingi kuliko kawaida. Loweka, suuza, anika. Mpira uliokufa ndio hauna dawa.

Kukodi kwanza

Arusha inaijua vizuri hii biashara. Watu hawanunui koti zito na begi la kulalia kwa ajili ya kupanda Kilimanjaro mara moja, wanakodi. Suti ya mbizi ni hivyohivyo. Vituo vingi vya mbizi vya Unguja, Pemba na Mafia vina suti za kukodi au huziweka ndani ya bei ya mbizi, na anayezama mara mbili au tatu kwa mwaka hana sababu ya kumiliki yake.

Unapoweka nafasi, tuma urefu na uzito wako kabla hujafika, uliza suti ni ya milimita ngapi na kama ni fupi au ndefu. Kituo kisichoweza kujibu hilo kwa ujumbe wa WhatsApp kinakupa picha ya mengine yatakavyokuwa.

Mwenye bajeti ndogo anunue likra ndefu ya mwili mzima. Inavaliwa ndani ya suti ya kukodi, inamtenga na ngozi za waliotangulia, inarahisisha kuvaa, na peke yake inakinga jua na yavuyavu wanaowasha. Haizuii miiba mirefu myeusi ya wale viumbe wa mviringo wanaokaa kwenye miamba, na suti yoyote ile haiizuii. Dawa ya hao ni kutokanyaga.

Kuhusu stara

Suti ndefu inafunika lakini inabana, na kwa baadhi ya wanawake hilo ndilo linalowazuia kabla ya baridi au bei. Njia zipo. Kaskazini mwa Unguja, Panje Project imekuwa ikiwafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya kufunika mwili mzima na kichwa, na picha za Anna Boyiazis kuhusu wasichana hao zilishinda kwenye mashindano ya World Press Photo mwaka 2018. Kwa mbizi ya mtungi, mtu anaweza kuvaa kofia ya neoprini au likra kichwani, na kaptula pana au fulana ya kuogelea juu ya suti. Kitu cha kuepuka ni kitambaa kirefu kinachopepea, kwani kinanasa kwenye mikanda na mirija.

Ukishapanda ufukweni, jifunge kanga au vaa nguo kabla ya kuingia kijijini. Suti iliyoshushwa nusu kiunoni ni kawaida kwenye boti, siyo dukani Nungwi.

Suti mpya, vizito vipya

Hili wanaoanza hulisahau. Neoprini inaelea. Ukibadilisha suti, hata kutoka milimita 3 kwenda 5, vizito vya risasi kiunoni lazima vipimwe upya. Aliyejifunza kwenye bwawa la kuogelea hapa Arusha ajue pia kwamba maji ya chumvi humwelesha zaidi. Mtu wa kawaida huhitaji kilo mbili hivi za ziada kwa sababu hiyo peke yake.

Kipimo ni rahisi: majini, koti la hewa likiwa tupu, ukishika pumzi ya kawaida, uso wa maji ufike usawa wa macho. Ukizama moja kwa moja, vizito vimezidi. Kumbuka mtungi nao unakuwa mwepesi kadiri hewa inavyoisha, hivyo kipimo cha uhakika ni mwisho wa mbizi.

Kuelea huko kunamsaidia asiyejua kuogelea vizuri anapotumia miwani na mrija, ila suti siyo jaketi la kuokolea. Haimgeuzi mtu uso juu akipoteza fahamu.

Begi la kurudi Moshono

Kwenye boti wakati wa kusi, upepo kwenye suti mbichi unapoza kuliko bahari yenyewe. Lile koti la Juni lililoachwa nyumbani ndilo linalotakiwa hapo, kati ya mbizi ya kwanza na ya pili.

Baada ya safari suti isuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ndani na nje, ianikwe kivulini kwenye henga pana. Maji ya moto, Jiki na pasi vinaua mpira. Kwa hali ya hewa ya Moshono miezi ya baridi inaweza kuchukua siku mbili kukauka. Igeuze ndani nje katikati ya muda huo, na usiikunje kabatini ikiwa na unyevu.

Safari yenyewe ya kurudi nayo ina hesabu yake. Mpiga mbizi hubeba naitrojeni ya ziada mwilini, na mwili uliopoa mwishoni mwa mbizi huitoa polepole zaidi, sababu nyingine ya kutodharau suti. Mwongozo unaotumika na wengi ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo anayerudi kwa gari naye anapanda mwinuko, ingawa taratibu. Aliyemaliza mbizi ya mwisho Jumamosi saa nane mchana anatimiza saa 18 Jumapili saa mbili asubuhi. Boti ya kwenda Dar asubuhi hiyo haina shida, maana iko usawa wa bahari. Ndege ya saa moja kwenda Kisongo haifai.